Kipande cha Sita

Jumapili, 20 Machi 2016. Gombani.

Mvua ya kwanza ya masika imeanguka leo baada ya adhuhuri, na umeme ukaondoka nayo. Nimefungua daftari hili kwa ushauri wa Msellem. Anataka niandike kila siku nilichofanya, ili kazi ikimalizika ajue nilikwama wapi.

Msellem ni mtoto wa Wambaa mwenzetu, kijiji chetu huku kisiwani, sasa yuko Tanga, ng'ambo ya bahari, mtunzi wa programu za kompyuta. Katengeneza moja aliyoiita *gawa*. Inakata faili kubwa vipande vidogo vinavyoweza kupita kwenye mtandao wetu huu wa kusuasua, halafu upande wa pili inaviunga tena. Haina picha wala vitufe. Unafungua kidirisha cheusi, unaandika amri, unaomba Mungu. Maelezo yake kayaandika mwenyewe, ukurasa mmoja, na nina hakika duniani yanaeleweka na yeye peke yake. Mimi nafundisha kompyuta sekondari na mdomo ninao, basi kaniomba niyaandike upya kwa Kiswahili cha watu.

Jumanne, 22 Machi.

Mvua. Nimeandika sentensi mbili, nikafuta tatu.

Ijumaa, 25 Machi. Wambaa.

Arobaini ya Silima. Ni mtoto wa kwanza wa shangazi yangu, Bi Time. Alifia hospitali huko Tanga mwezi wa pili, kiangazi kikali, wakamzika hukohuko. Shangazi hakumwona mgonjwa wala hakuiona maiti. Miguu haimchukui tena hata kufika bandari ya Mkoani, seuze kuvuka bahari.

Hitima imesomwa vizuri, Mungu aipokee. Juzuu thelathini ziligawiwa, wanaume barazani, sisi ndani, kila mtu na yake, wote kwa pamoja. Mimi nilichukua ya kumi na saba. Kupitia mlangoni nilimwona Ame, mdogo wake Silima, amekaa karibu na viatu kama mtu aliyepita njia tu. Juzuu moja ilibaki haina msomaji. Ame alikuwa keshamaliza yake, akaichukua hiyo pia, na hitima ikatimia.

Shangazi hasemi naye. Siku ya tatu ya matanga alimwambia mbele ya watu, "Ame, nduguyo kalala wiki tano, weye kila wiki kesho, kesho. Radhi yangu huna." Nilisikia kwa masikio yangu na, kusema kweli, niliona ni haki yake. Ame ana duka la kutengeneza simu Mkoani, bandarini kabisa. Meli anaziona kila siku. Kupanda moja ndiko kulikomshinda.

Jumatatu, 28 Machi.

Leo kazi imekwenda! Nimepata mfano ambao hata bibi yangu angeuelewa. Naunakili hapa, maana nauonea fahari:

*Kugawa faili ni kama kugawa juzuu katika hitima. Kila kipande hushikwa peke yake, na vyote vikikamilika kitu hutimia. Juzuu ikikosa msomaji, aliye karibu huichukua.*

Nimempelekea Msellem. Amejibu, "Dada Mwanamize, hapo umemaliza." Nikajiona mwandishi.

Alhamisi, 31 Machi.

Hakuna umeme. Daftari za wanafunzi zimeota ukungu.

Jumapili, 3 Aprili.

Msellem kapiga simu asubuhi. Alipokuwa Silima hospitali, yeye ndiye aliyekuwa akimwangalia, na simu ya marehemu imebaki kwake. Kioo kilipasuka na hakuweza kuifungua mpaka juzi. Ndani amekuta rekodi. Silima kazungumza saa mbili na zaidi, siku tatu kabla hajafa. Anamwambia mama yake.

"Mie sijaisikiliza," Msellem alisema. "Nlisikia 'Mama, assalaam alaykum', nkazima. Si yangu."

Faili ni kubwa, halipiti. Ataligawa vipande tisa, kila kimoja kama robo saa hivi, na kumpelekea Ame, kwa kuwa ana kompyuta dukani na ameahidi kuufuata mwongozo wangu neno kwa neno. Nilikaa kitandani muda mrefu. Kazi ya kujitolea tu niliyoianza ili nisilale mchana, leo inamleta maiti nyumbani.

Jumatano, 6 Aprili.

Ame kaniletea ujumbe. Vipande vitano vimefika. Shangazi anauliza kila baada ya sala kama mwanawe ameshafika.

Jumamosi, 9 Aprili. Wambaa.

Naandika nikiwa nimerudi Gombani, nguo zimerowa.

Ame alikuja na kompyuta na kipaza sauti kidogo cha dukani. Tulikuwa wanawake sita ndani, yeye akakaa mlangoni. Baada ya adhuhuri tu akafungua. Sauti ya Silima ikajaa chumba. Nyembamba, imechoka, lakini ni yeye, na ile tabia yake ya kuvuta pumzi kabla ya neno gumu. Alimsalimia mama yake. Alimuulizia kuku. Alikumbusha siku alipoanguka kisimani na Ame akamtolea kamba. Nyuma yake lilisikika feni la hospitali likizunguka na kukwaruza. Shangazi alikuwa akimjibu. "Ndiyo baba. Nakumbuka mwanangu." Anasema kisha anangoja, na Silima anaendelea kama aliyemsikia.

Kwenye saa nane na nusu sauti ikabadilika kidogo, ikawa nzito, karibu na mdomo.

"Mama, Ame usimwandame. Alikuwa akipiga simu kila siku, wallahi. Mie ndo nlokuwa sipokei. Nlikuwa sitaki anisikie sauti yangu ilivyo. Mpe radhi, mama. Na mie nipe."

Nyuma yake mvua ilikuwa ikipiga juu ya bati. Halafu ikasikika mbinja ya kipaza sauti, ile ya msikiti wetu wa Wambaa ambayo hulia kila siku kabla ya adhana, kisha muadhini. Bi Mwatum wa nyumba ya pili akasimama kwenda kutia udhu, na wengine wawili wakamfuata. Walipofika uani walikuta kweupe na kumenyamaa kimya. Hakuna aliyekuwa akiadhini. Alasiri ilikuwa bado.

Walirudi hawana rangi. "Adhana imetoka humo humo," Bi Mwatum alisema, akionesha kompyuta kwa kidole na mkono wa pili ameushika moyo. "Msikiti wetu. Mtoto kafia Tanga, anaadhiniwa Wambaa."

Kipande kilichofuata kilianza na Silima akisema, "Asante, weka hapo," pamoja na feni lake lile lile. Shangazi akasema anayeshukuriwa ni nesi, Mungu amjaze kheri. Rekodi ilipokwisha, adhana ya kweli ikapigwa, mbinja ile ile, sauti ile ile, na hakuna aliyenyanyuka mpaka ilipomalizika.

Kisha shangazi akamwita Ame kwa jina, mara ya kwanza tangu matanga. "Njoo. Radhi yangu unayo." Ame alimwinamia magotini akalia mpaka nikamwonea haya.

Jumatatu, 11 Aprili.

Shangazi anakula. Ame ndiye anayemmenyea muhogo. Huenda nilimdhania vibaya.

Alhamisi, 14 Aprili.

Mvua hainyeshi, inamwaga. Darasani nimesitisha somo kwa sababu bati likipigwa hivi mtu hasikii hata mawazo yake. Nikasimama na chaki mkononi. Silima kafa mwezi wa pili. Mwezi wa pili mwaka huu hapakudondoka tone, si huku si Tanga, visima vyote vilikuwa vimekauka. Ile mvua kwenye rekodi ilitoka wapi?

Ijumaa, 15 Aprili.

Nimejiambia ni mfereji wa hospitali. Adhana sikujiambia kitu.

Jumanne, 19 Aprili.

Nimebakiwa na amri moja ambayo Msellem hakuieleza hata kwa neno moja: *hakiki*. Nimemuuliza. Anasema kila faili linapokatwa, programu inaandika pembeni alama ya kila kipande, na hakiki inalinganisha. Nikahitaji vipande vya kujaribia. Kwenye flashi nilikuwa na vile vya Silima, Ame alininakilia siku ile ile pamoja na alama zake.

Nikaandika amri, nikabonyeza. Mistari ikashuka mmoja mmoja juu ya weusi. Kipande cha 1: sawa. Cha 2: sawa. Cha 3, cha 4, cha 5. Halafu:

*Kipande cha 6: hakikutoka kwenye faili hili.*

Cha 7: sawa. Nimeirudia amri mara nne. Nimezima na kuwasha. Maneno hayo hayo.

Jumatano, 20 Aprili. Mkoani.

Nimemkuta Ame dukani, kainamia simu iliyofumuliwa. Nikamwekea karatasi niliyonakili yale maneno. Akaisoma, akaweka chini bisibisi.

"Dada Mwanamize, shusha sauti."

"Sijasema neno."

"Bado. Lakini n'nakujua."

Akanieleza. Kipande cha sita peke yake hakikufika. Alingoja siku mbili, Msellem hapatikani, mtandao wa Tanga umekufa, na mama keshaalika watu Jumamosi. Ijumaa akaenda Wambaa, akajifungia banda la nyuma mvua inanyesha, akakisema mwenyewe. Sauti zao zilikuwa moja tangu wakiwa wadogo, hata baba yao alikuwa akiwachanganya gizani. Adhana ilimkuta katikati na hakujua jinsi ya kuifuta.

"Ame, ulimtilia maiti maneno mdomoni!"

"Juzuu ikikosa msomaji, aliye karibu huichukua." Akanitazama usoni. "Si weye ulosema? Nlifuata waraka wako. Nlikuwa ndo mimi nilo karibu."

Kibao kingekuwa afadhali. Ni kweli niliandika. Katika hitima juzuu ni ile ile, yeyote aisome. Maneno ya mtu si juzuu. Hilo sikuliandika, kwa sababu sikulifikiri, kwa sababu nilikuwa nikijiona mwandishi.

"Na hayo ya kupiga simu kila siku?"

Akaipindua ile karatasi. "Sikupiga hata mara moja. Nlikuwa naogopa. Nkisikia sauti yake ntajua anakufa."

Aliniomba nisimwambie mama yake. Nilimwambia sitasema, lakini kipande cha kweli nitakitafuta, na kikija atakisikiliza yeye kwanza. Nilirudi Gombani nikiwa na hasira naye, na kubwa zaidi ilikuwa juu yangu.

Ijumaa, 22 Aprili.

Nimeufuta mfano wa hitima. Mahali pake nimeandika: *Kipande kisichofika kisijazwe kwa chochote. Omba kitumwe tena. Kabla ya kuunga, hakiki.* Ni maneno makavu, lakini hayawezi kumdhuru mtu.

Jumapili, 24 Aprili.

Msellem kajaribu mara mbili kukituma. Kimekatikia njiani.

Jumatatu, 25 Aprili.

Kimekatika tena. Vipande vingine alivyonitumia kujaribu vinapita bila taabu.

Jumatano, 27 Aprili.

Kimekatika. Msellem anasema, "Hiki hakitaki kuja." Nimemwambia asinitanie.

Ijumaa, 29 Aprili.

Mvua. Sijaandika kitu.

Jumapili, 1 Mei. Gombani.

Kimefika asubuhi. Nimehakiki: *Kipande cha 6: sawa.* Ame kaja kwa basi la saa nne, matope mpaka magotini. Tukakaa jikoni, mlango wazi.

Feni lile lile. Silima anaendelea na habari ya kisima, taratibu, anapumzika kila baada ya maneno machache. Mambo ya kawaida. Nikaanza kushusha pumzi. Dakika ya tano kiti kikalia, kama mtu aliyekikalia kwa uzito wote.

"Eh," akasema Silima. "Ame. Umekuja."

Ame aliye jikoni kwangu hakutikisika.

"Umerowa, yakhe. Kwetu kushaanza kunyesha?" Kimya, cha muda wa mtu kujibu. Silima akacheka, kicheko kile chake cha puani. "Usinambie. Kaa. Kaa hapo hapo, usende."

Kisha, kwa mama yake, "Mama, Ame yupo hapa. Kakaa kitini. Hasemi neno, na mie simlazimishi, kachoka njia. Usije ukamsema. Kaja."

Baada ya hapo hakuzungumza tena. Lilibaki feni, na pumzi. Nilizisikiliza kwa makini, kwa sababu kazi yangu sasa imenifanya nisikilize kila kitu kwa makini. Pumzi za Silima zilikuwa fupi na zenye kukoroma. Kulikuwa na nyengine pia, ndefu, za mtu wa pili. Mwisho kabisa ikasikika glasi ikiguswa, na kipande kikakatika, pale ambapo cha saba kinaanza na "Asante, weka hapo."

"Nesi," nikasema.

"Nesi," Ame akasema.

Nimempigia Msellem. Siku ile alimwachia simu Silima asubuhi na kurudi saa kumi. Kati ya hapo wageni hawaruhusiwi kuingia. Manesi je, hukaa? Akasema hapo hata wangetaka wasingepata nafasi. Na mvua? "Mvua gani, dada? Februari?"

Ame aliomba kusikiliza mara ya pili. Nikamwacha peke yake, nikatoka uani. Nilipomtazama kupitia dirishani alikuwa ameinama kuiangalia miguu yake yenye tope. Sikuona mvivu wala mwongo. Niliona mtu aliyechelewa, na nikamhurumia kwa moyo wangu wote.

"Kesho twende kwa mama," alisema.

Jumatatu, 2 Mei. Wambaa.

Tumefika kabla ya adhuhuri, mvua imepisha kidogo. Shangazi alikuwa peke yake, anachambua mchele. Nikamwambia kwamba kipande kimoja siku ile hakikuwa sawa na sasa tumekipata. Hakuuliza mengi. Akaweka ungo pembeni, akajifunika vizuri, kama anayepokea mgeni.

Alisikiliza bila kumjibu Silima mara hii. Kiti kilipolia alimshika Ame mkono. Ilipofika "kaja", machozi yalikuwa yakimtiririka naye hayafuti.

"Kumbe ulikwenda," alimwambia Ame. "Kumbe ulikwenda, mwanangu, ukanificha, na mie nkakuvunjia heshima mbele za watu."

Mungu anisamehe, niliomba aseme ndiyo. Neno moja tu. Shahidi alikuwa nduguye mwenyewe, na shahidi hawezi kuulizwa tena. Nilimtazama Ame nikimwambia kwa macho, sema. Mwongo wa tarehe tisa angelisema kabla sijapepesa.

"Sikwenda, mama," alisema Ame. "Sikwenda hata siku moja. Wala simu sikupiga. Na yale mlosikia siku ile, ile adhana, ilikuwa ni mimi bandani."

Akamweleza yote, tangu kipande kilichokosekana mpaka maneno aliyojitungia, na hakunitaja mimi wala waraka wangu. Nikasema mwenyewe. Shangazi hakumwachia mkono. Nikajitayarisha kusikia radhi ikichukuliwa tena.

"Radhi nshakupa," alisema mwisho. "Leo nakupa tena, kwa kusema kweli. Siirejeshi." Kisha akanigeukia. "Mwanamize, nirejeshee pale alipocheka."

Nikarejesha. Akasogea akatega sikio karibu kabisa na kipaza sauti. Silima akacheka. Akasema kaa, kaa hapo hapo, usende. Yakaja yale ya mwisho, ya feni na pumzi, fupi na ndefu. Shangazi alizisikiliza macho yake yakiwa kwa Ame, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo.

"Basi alokaa na mwanangu nani?" aliuliza.

Kipande kilikuwa bado kinaendelea, na zile pumzi ndefu ndani yake.